Tairi Iliyokonda

Kama hujawahi kumwona Muthama wa Kyuso akipita juu ya pikipiki yake, basi ulizaliwa ukiwa umechelewa, na wa kulaumiwa ni wazazi wako. Miaka ile ya themanini hakuna mashine ya posho iliyokohoa kati ya Kyuso na Kalamba bila jina lake kutajwa. Kazi yake ilikuwa kuchonga mawe ya kusagia. Jiwe la mashine likishalainika, mahindi hutoka yamepashwa moto tu, na akina mama huanza kumtazama mwenye mashine kama mwizi. Hapo ndipo Muthama alipoitwa. Alikuja na patasi na nyundo zake, akayalaza mawe tumbo juu, akayakata mifereji mipya, huku akiwaambia waliomzunguka kwamba mimba ya fundi wa pili wa kumfikia yeye bado haijatungwa.

Hayo ndiyo watu waliyoyasikia. Ambacho hawakukiona ni Muthama huyohuyo saa za jioni, mashine imefungwa na kila mtu ameshika njia ya kwake, amekaa juu ya magunia matupu na sufuria moja na kijiko kimoja, akiiambia pikipiki, "Leo tumepiga kazi, wewe." Pikipiki haikujibu, lakini ilikuwa na adabu ya kusikiliza.

Na pikipiki yenyewe haikuwa hivi vidude mnavyopanda siku hizi vya kubebea kuku. Lilikuwa dubwana la Kijerumani, alilouziwa na Mzungu mmoja mpima barabara aliyekuwa akirudi kwao. Injini yake ilichomoza pande mbili, kulia na kushoto, kwa hiyo Kyuso nzima iliiita Masikio. Ilitengenezewa watu wa safari ndefu: kiti cha kukalia kutwa nzima bila makalio kufa ganzi, na masanduku mawili ya chuma ubavuni ya kuwekea vyombo.

Kama kuna kitu ambacho Muthama alikijua kuliko mawe, ni tairi. Alisoma mpaka darasa la nne tu, wakati wa mkoloni, lakini ukimsikia akihesabu tairi ungedhani alizaliwa ndani ya kiwanda.

"Mbele Masikio anavaa tatu nukta ishirini na tano kwa kumi na tisa," aliwaambia vijana wa sokoni. "Nyuma anavaa nne kwa kumi na nane. Hiyo namba ya kwanza ni unene wa mpira, ya pili ni rimu. Ukikosea ya pili, tairi haingii hata ukiiombea. Ukikosea ya kwanza, inaingia. Sasa hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu unasafiri nayo."

"Na meno, mzee?"

"Meno ndiyo elimu ya juu. Tairi ya lami ni laini, ukiileta kwenye mchanga wa hapa inayumba kama mtu ametoka kwa pombe. Ile yenye meno makubwa kama vigingi inapanda mchanga vizuri, lakini lami ya Machakos inailiza njia nzima na kuimaliza kabla ya Krismasi. Sisi kwetu unakutana na mchanga, murram ya changarawe, mawe na lami kabla hujanywa chai ya saa nne. Unataka tairi ya katikati. Kama hii." Akaipiga teke ya nyuma kwa upole, kama mtu anayesukuma ng'ombe wake.

Tairi hiyo ya nyuma ilikuwa na meno madogo yaliyopangwa mshazari, safu baada ya safu, kama punje kwenye gunzi. Ikipita mchangani iliacha gunzi moja refu la mahindi, na hakuna pikipiki nyingine huko iliyoandika hivyo.

Mkewe, Mbinya, aliisoma alama hiyo kama wengine wanavyosoma Biblia. Muthama akirudi safari alipitia sokoni kwanza kuwasalimu watu na kujisifu kidogo, kisha ndipo aende nyumbani. Mbinya akienda kisimani aliona gunzi limeelekea sokoni, akarudi akawasha moto. Muthama alipofika alikuta maji ya kuoga yana mvuke. Binti yao wa pekee, Syokau, alifundishwa na mamake kusoma mchanga tangu akichunga mbuzi: huyu ni punda wa fulani, huyu ni nyoka, huyu ni baba.

Mbinya alikufa kwa homa. Baada ya hapo Muthama alipofika nyumbani alioga maji baridi, na hakumwambia mtu.

Syokau akaolewa mbali, Kalamba, na kijana anayeitwa Jonah. Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwa Wakamba mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi za ntheo zifike kwao. Akiwa na watoto kumi, bila hizo mbuzi bado ni mgeni tu kwa watu wa mumewe. Lakini Jonah alikuwa ameokoka, kuokoka kule kwa kupiga magoti mbele ya kila sahani. Alikuja Kyuso na wazee wa kanisa lake, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai. Muthama alipouliza mbuzi ziko wapi, Jonah akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Baba, mambo ya ntheo ni ya gizani. Kristo alishalipa yote."

"Kristo alilipa dhambi," Muthama akajibu. "Hakulipa mbuzi."

Wazee wa kanisa wakakohoa. Jonah akashikilia lake, na Muthama akashikilia lake, kwa sababu mtu anayekata mawe maisha yake yote hawezi kuwa na kichwa cha pamba. Akaapa mbele ya wote kwamba hatakanyaga boma la Jonah wala kunywa maji yake mpaka mbuzi hizo zilie katika zizi la Kyuso. Syokau alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama babake, akamtazama bwana wake, akaondoka na bwana wake. Tangu siku hiyo baba na binti hawakuongea tena.

Lakini kule Kalamba kulikuwa na mashine ya kusaga. Na njia ya kwenda kwenye mashine hiyo ilivuka mto mkavu wa mchanga, ikapanda ukingo, ikapita mbele ya lango la Jonah. Sasa, je, mtu aache kazi kwa sababu ya mkwe? Muthama alipita hapo mbiombio, kofia imekazwa, macho yameganda mbele kama askari kwenye gwaride. Hakupiga honi. Hakugeuza shingo. Alifika kwenye mashine, akachonga mawe, akalala juu ya magunia.

Kesho yake akirudi, akakuta kwenye mti wa mgunga ulio kando ya njia, mbele tu ya lango, kibuyu kimetundikwa. Kimefunikwa kwa jani safi. Ndani, uji wa mawele uliochachushwa, kama alivyokuwa akiupika Mbinya.

Alisimama hapo akiwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Hakuna mtu aliyetokea. Akafikiri: mti huu uko nje ya boma. Uko kwa barabara, na barabara ni ya serikali. Huu ni uji wa serikali. Akanywa wote, akakirudisha kibuyu mahali pake, akaenda.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote iliyofuata. Mara mbili au tatu kwa mwaka aliandika gunzi lake mchangani mbele ya lango, na akirudi kibuyu kilimngoja. Hakuna neno lililosemwa. Muthama alikuwa na watu wa kumcheka, watu wa kumsifu na watu wa kumwita kazini, lakini wa kumjua kwa alama yake alibaki mmoja tu duniani, na huyo aliongea naye kwa tairi.

Sasa fikiria tairi hiyo ikiisha.

Iliisha kama mtu anavyozeeka. Kwanza punje za katikati zikafifia, halafu za pembeni, na mwishoni ikawa kipara kinachong'aa. Mara ya mwisho alipopita Kalamba gunzi lilikuwa hafifu, na kibuyu alikikuta nusu tu, kana kwamba aliyekitundika hakuwa na hakika. Jambo hilo lilimkaa rohoni miezi.

Alitafuta Mwingi. Akatafuta Kitui. Kila duka walimwambia aina hiyo ya meno haitengenezwi tena. Ndipo akafika Kwa Vonza kwa Waithaka, mtu wa kutoka upande wa Nyeri aliyekuwa na duka la tairi na spea kando ya barabara, na mdomo uliotosha kujibizana na Muthama, jambo ambalo si dogo.

"Fundi mkubwa!" Waithaka akaita kabla Masikio hajazimwa. "Mbona umekuja na kichwa cha babu yangu kwa gurudumu la nyuma?"

"Babu yako alikuwa na nywele nyingi kuliko hii. Nipe nne kwa kumi na nane, meno ya mahindi."

"Nne kwa kumi na nane ninayo. Meno ya mahindi sina." Waithaka akabingirisha tairi mpya, nyeusi, pana, yenye meno ya pembe nne yaliyoachana vizuri. "Hii ndiyo ya watu wa safari sasa. Lami inakwenda, mchanga inakwenda. Pana, imara, inabeba wewe na masanduku yako na maneno yako. Wameiandika kwa milimita, mia moja na kumi, tisini, kumi na nane."

"Najua kusoma," Muthama akasema, ingawa aliisoma mara mbili. "Upana milimita mia na kumi. Kimo ni tisini kwa mia ya huo upana. Inazidi nne yangu kwa unyoya tu. Itaingia."

"Haya, umemaliza. Hata mimi sikujua hiyo tisini ni ya nini."

Muthama akaipapasa. Ilikuwa tairi nzuri. Angekuwa anamchagulia mtu mwingine, angemgombeza kwa kusitasita. Akaivingirisha kwenye vumbi la mbele ya duka, akainama kuitazama alama. Ilikuwa safu za vijumba vya mraba, kama dirisha la benki. Syokau akiona hii atasema huyu ni mtu wa serikali, au mtu wa kununua ndengu. Atarudi ndani.

Akainua macho, na hapo akaiona. Juu kabisa, chini ya mabati, imening'inia kwa msumari, imejaa vumbi na utando wa buibui: meno madogo, mshazari, safu kwa safu.

"Ile pale."

"Ile imekaa hapo tangu nifungue duka. Ni tatu na nusu kwa kumi na nane. Ni ya pikipiki ndogo, fundi. Ya mwalimu anayekwenda shule na kurudi."

"Teremsha."

"Rimu itaikubali, sikatai. Lakini ni nyembamba. Masikio ni mzito, na nyuma umebeba chuma kama unahama. Wewe si ndiye ulinifundisha? Kwamba ukikosea namba ya kwanza—"

"Najua nilichokufundisha. Teremsha."

Waithaka akamtazama. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini duka hufundisha mtu kuona uso wa mteja. Akaichukua ngazi. Walipomaliza kuivalisha, Masikio alionekana kama mzee mnene aliyevaa viatu vya mtoto.

"Na hii kuukuu?" Waithaka akauliza, ameishika ile yenye kipara. Kati ya punje zilizofutika, pembeni, palibaki ukanda wa meno ambao haukuwa umeisha sana. "Nikuwekee, au niwape wale wanaokata ndala za mpira?"

"Fanya unavyotaka," Muthama akasema, akapiga kiki.

Alizunguka kwa Machakos, akashuka Wote. Kwenye lami hakuona shida, ila kila kona Masikio alijikunja kiuno kidogo, kama anayetaka kuuliza swali. Kwenye murram swali lilikuwa kubwa zaidi. Muthama akajipa moyo kwa kuongea. Aliiambia pikipiki habari za mashine zote alizowahi kuponya, na jinsi mwenye mashine wa Kwa Vonza alivyolia machozi unga ulipotoka laini. Upepo uliyachukua maneno yote nyuma. Ndiyo ubaya wa pikipiki: unaweza kuimba kutoka Kyuso mpaka baharini na usimsumbue mtu hata mmoja.

Alifika kwenye mto wa mchanga jua likianza kulegea. Akasimama ukingoni, na akafanya alichokifanya siku zote kwenye mchanga, alichowafundisha vijana wengi: akapunguza upepo kwenye tairi. Tairi ikilegea kidogo hulala, hutandaza unyayo, haizami. Kila mtu wa kaskazini anajua hivyo. Mkono wake ulifanya wenyewe, bila kuuliza kichwa.

Tairi pana ikilegea hulala kama ngamia. Nyembamba ikilegea chini ya mzigo haina pa kulala. Katikati ya mto palikuwa na mwamba uliofunikwa na mchanga kidogo. Masikio akaupiga. Rimu ikashuka ikaing'ata tyubu juu ya jiwe, upepo ukatoka kwa sauti ya nyoka, nyuma ikazama hadi ekseli, na fundi mkubwa wa Ukambani akalala kifudifudi kwenye mchanga, mdomo wazi, umejaa mchanga.

Hakuumia. Angeumia ingekuwa afadhali, angekuwa na la kueleza. Aliketi akatazama nyuma yake. Gunzi lilishuka ukingo vizuri kabisa, likaja, likafika hapo, likaisha. Mbele yake mchanga ulikuwa safi mpaka ng'ambo, na juu ya ng'ambo, lango la Jonah. Ameshindwa kupita. Aliyemtundikia kibuyu hangeona kitu.

Akafungua masanduku, akatoa vyuma vya kufungulia tairi, na kimoja kikamponyoka. "Mjinga," alisema kwa sauti. Hapakuwa na wa kumkatalia.

Basi, watu wa huko huchota maji kwa kuchimba mchanga wa mto. Syokau alikuwa kwenye kisima chake cha mchanga, juu kidogo ya mkondo, na punda na madebe. Alisikia injini, akasikia ikinyamaza. Akangoja iwake tena. Haikuwaka. Akaacha kata ndani ya kisima, akatembea akifuata mkondo mpaka akaikuta alama. Akainama. Halafu akaanza kukimbia.

Muthama alisikia miguu mchangani, akageuka. Mwanamke alisimama mbele yake, anahema, kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa na macho ya Mbinya.

"Uko mzima?" akauliza.

"Niko mzima."

"Hujaugua?"

"Niugue nini? Ni pancha tu."

Syokau akaketi chini palepale. "Nimeona alama imekonda," akasema. "Gunzi ni la baba, lakini limekonda. Nikafikiri wewe ndiye umekonda. Nikasema amekuja kufia hapa mtoni."

Muthama akafungua mdomo atoe neno la kujisifu, kwa sababu alikuwa nayo mengi, yamepangwa. Akayaacha yote. Akasema, "Tairi ya saizi yake haikuwa na meno hayo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ungejuaje ni mimi?"

Syokau akaitazama tena ile tairi. Kisha akacheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani. "Baba. Umevalisha ng'ombe kwato za mbuzi ili mimi nijue? Wewe? Wewe uliyekuwa ukiwatukana watu Kyuso nzima kwa sababu ya tairi?"

"Usiwaambie."

"Nitawaambia Kalamba yote."

Walifanya kazi pamoja. Syokau alishika rimu, Muthama akatoa tyubu. Ilikuwa na matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka, alama ya rimu iliyong'ata. Akakwaruza, akapaka gundi, akaweka kiraka. Syokau akaenda kumleta punda, wakampandisha masanduku ya chuma. Walikuwa katikati ya mto, mahali pasipo boma la mtu, na kwa hiyo hapakuwa na kiapo kilichokataza kuongea. Syokau akamletea maji kwa kata kutoka kisimani. Muthama akasita.

"Haya ni ya nani?"

"Ni ya mto."

Akanywa.

"Na ule uji," akasema akipangusa mdomo, bila kumtazama. "Umekuwa ukiupika kama mama yako."

"Naupika mimi. Lakini miaka miwili sasa, miguu ikinivimba na ujauzito, na safari iliyopita nikiwa na homa, anayetundika kibuyu ni Jonah. Akiona gunzi anakuja kuniambia, mgeni wako amepita. Yeye mwenyewe ndiye anachuma lile jani."

Muthama akaendelea kujaza upepo. Akapiga pampu muda mrefu kuliko tairi ilivyohitaji.

"Mbuzi bado hatatoa," Syokau akasema. "Nisikudanganye."

"Sikuuliza."

"Najua hukuuliza. Na wewe hutaingia."

"Niliapa."

"Uliapa," akakubali, kama mtu anayekubali kwamba kuna ukame. Akasimama, akakung'uta mchanga. "Toa hiyo takataka, uvae tairi ya saizi yako. Usije ukafa njiani kwa sababu yangu."

"Na alama?"

Syokau alikuwa ameshamgeukia punda.

Muthama akavuka, akapanda ukingo, akayafunga tena masanduku, akapita mbele ya lango macho yameganda mbele. Akachonga mawe ya Kalamba, akalala juu ya magunia. Akirudi akakuta kibuyu kimejaa mpaka shingoni. Akanywa polepole, kwa aibu kidogo, akijua sasa kwamba jani lilichumwa na mkono mwingine.

Kwa Vonza, Waithaka alimwona kutoka mbali. "Aha! Mwalimu amerudi kutoka shule!"

"Leta ile pana," Muthama akasema. "Na funga mdomo."

Mdomo haukufungwa, lakini tairi ilivaliwa, mia na kumi, tisini, kumi na nane, na Masikio akasimama tena kama kitu cha watu wazima. Ndipo Muthama akauliza, "Ile kuukuu yangu iko wapi? Uliwapa watu wa ndala?"

"Iko hapo nyuma. Waliikataa. Walisema tairi ya pikipiki inajikunja, ndala yake inainua pua."

"Lete."

Aliikata mwenyewe, kivulini mwa duka, kwa kisu cha Waithaka, akichagua ule ukanda wa pembeni ambao punje hazikufutika. Akapima kwa mguu wake, akatoboa, akapitisha kamba za mpira. Zilitoka ndala mbovu kuliko zote zilizowahi kuonekana Kwa Vonza, zimeinua pua mbele na kisigino nyuma. Waithaka alicheka mpaka akaegemea ukuta. Muthama akazivaa, akapiga hatua kwenye vumbi, akainama. Punje, mshazari, safu kwa safu. Hafifu, lakini zilisomeka.

Basi safari iliyofuata, mvua za vuli hazijaja bado, Masikio aliuvuka mto wa mchanga bila hata kuyumba, akiandika vijumba vyake vya mraba. Ng'ambo, kabla ya lango, Muthama alizima injini. Hilo hakuwahi kulifanya. Akateremka, akazitoa ndala kwenye sanduku, akavua viatu, akazivaa. Akamsukuma Masikio kwa mkono mbele ya boma lote la Jonah, hatua kwa hatua, uzito ule wote, jasho likimwingia machoni. Pikipiki haipiti haraka ikisukumwa. Alisikia kuku ndani. Alisikia mtoto akilia na kunyamazishwa, na alijua ni mjukuu wake, na hakujua jina lake. Akafika mwisho wa ua, akavaa viatu, akapanda, akaenda kwenye mashine.

Kesho yake akirudi, alizima injini tena palepale, akavaa ndala. Kibuyu kilikuwa juu ya mgunga. Chini ya mgunga, upande wa barabara, nje ya boma kabisa, palikuwa na kiti kidogo cha miguu mitatu, kimechongwa upya, bado kinanuka mti mbichi.

Muthama alizunguka kiti hicho mara kadhaa. Lango lilikuwa wazi kidogo, na nyuma yake hakuonekana mtu. Mchangani, kutoka langoni mpaka kwenye kiti, palikuwa na nyayo za mwanamume aliyevaa viatu vya kanisani, zimekuja na zimerudi.

Akateremsha kibuyu. Akaketi. Kilikuwa kiti cha kiasi chake hasa. Akanywa uji, mgongo umeelekea barabara na uso umeelekea lango, ndala zimeinua pua juu ya mchanga, na akakaa hapo mpaka kivuli cha mgunga kikamwacha juani.